Jeli ya kupima sukari imegoma? Anza na maji, jeli iache kwanza

Maswali kuhusu hizi polima zinazohisi sukari ni yaleyale kila siku: jeli haijibu, jeli inasinyaa badala ya kuvimba, namba za leo hazifanani na za jana. Na mtu akishafika hapo anataka atupe jeli yote aanze kutengeneza upya. Subiri kwanza. Kwa niliyoyaona mwenyewe maabara, mara nyingi jeli haina kosa lolote, kosa liko kwenye maji inayoogelea, yaani pH, chumvi, bafa (yale maji yanayoizuia pH isibadilike), joto, au hiyo sukari uliyoiyeyusha juzi ukaisahau juu ya meza.

Hapa naongelea jeli zenye asidi ya fenilboroniki, zile ambazo boroni imeunganishwa kwenye mnyororo wa akrilamaidi au kitu cha jamii hiyo. Kwa kifupi sana, boroni inashika jozi ya OH zilizokaa jirani kwenye sukari, na inashika vizuri zaidi ikiwa imebeba chaji hasi. Asidi yenyewe ikiwa peke yake ina pKa (pH ambayo nusu ya boroni zimebeba chaji) ya kama 8.8, ikishashika glukosi inashuka mpaka karibu 6.8, ikishika fruktosi inaenda 4.6 huko. Maana yake ni kwamba sukari ikiingia, boroni nyingi zaidi zinabeba chaji, chaji zinavuta ioni na maji, jeli inavimba. Hiyo picha ikae kichwani mana karibu kila tatizo hapa chini linarudi kwake.

Kabla hujaanza kutafuta mchawi hakikisha una vitu vitatu mezani: mita ya pH uliyoikalibreti leo (sio wiki iliyopita), mchanganyiko wa fruktosi ya 50 mM (milimola kwa lita), na kipande cha jeli iliyotengenezwa vilevile lakini bila boroni. Hiki cha mwisho watu wanakiruka sana, alafu ndo kinachookoa muda kuliko vyote.

Dalili ya 1: Naweka glukosi, jeli haifanyi chochote

Sababu namba moja, na sioni hata ya kukaribiana nayo, ni pH iko chini. Mtu anaandika kwenye daftari "bafa pH 8.5" kwa sababu ndo aliyokusudia, ukipima unakuta 7.6. Mara nyingi inatokea hivi: amechukua bafa ya fosfeti ya kawaida ya 7.4, akaongeza hidroksidi ya sodiamu mpaka mita ikasoma 8.5, akaridhika. Fosfeti nguvu yake iko karibu na 7.2, ukiipeleka 8.5 haina tena uwezo wa kuzuia mabadiliko, kwahiyo ukiidumbukiza jeli ndani pH inaanguka yenyewe mana jeli ina boroni kibao na kila boroni inayochukua chaji inaachia haidrojeni ioni. Pima pH ya maji yanayoizunguka jeli baada ya kuweka sukari, sio ya chupa ya bafa. Ukitaka kufanya kazi kwenye 9 tumia bafa inayoishi huko, mfano CHES. Ukitaka 7.4 mpaka 8, HEPES inatosha.

Sababu ya pili ni matarajio. Glukosi inashikwa kidogo tu na hii boroni ya kawaida, kwenye pH 7.4 namba ya kushikana ni karibu 4.6 kwa kila mola, ambapo fruktosi ni kama 160. Piga hesabu mwenyewe: glukosi ya 5 mM inakalia kama asilimia 2 tu ya boroni zote, fruktosi ya 5 mM inakalia zaidi ya asilimia 40. Ukipandisha pH mpaka 8.5 glukosi inafika kama 11, ni afadhali lakini bado sio kubwa. Hizo namba ni za boroni iliyo huru kwenye maji, ndani ya jeli zinaweza kusogea, ila mpangilio haubadiliki. Kwahiyo kama unasubiri jeli ivimbe mara mbili kwa glukosi ya 5 mM kwenye pH 7.4, jeli haijagoma, we ndo umeiomba kisichowezekana. Hapo kinachobadilika ni muundo wa boroni: kuna zilizowekewa naitrojeni jirani ili zishike kwenye pH ya chini, kuna zenye kundi linalovuta elektroni ili pKa ishuke. Hilo ni suala la kubuni upya, ukibadilisha bafa peke yake hufiki.

Ya tatu ni bafa inayoiba nafasi. Tris ina OH tatu na inaweza kuingiliana na boroni. Boreti ndo mbaya zaidi mana yenyewe inashikana na sukari huko kwenye maji kabla hata sukari haijafika kwenye jeli, alafu mtu anashangaa mbona sukari haifiki. Sitreti nayo inashika, na gliserini iliyobaki kutoka kwenye chombo au kwenye enzaimu uliyoongeza inapunguza pia. Kama ulikuwa unatumia mojawapo, badilisha bafa, osha jeli mara kadhaa, rudia. Mara nyingi tatizo linaisha hapo.

Sasa kama pH iko sawa na bafa iko sawa, fanya jaribio la fruktosi: 50 mM, pH 8.5, jeli ndogo nyembamba. Ikivimba, jeli ni nzima na tatizo lako ni ukolezi au aina ya sukari. Isipovimba, ndo unaanza kuishuku jeli yenyewe.

Kuishuku jeli kuna njia rahisi naipenda sana. Chukua alizarini nyekundu S, ile rangi, iyeyushe kidogo sana kwenye bafa ya 7.4, dumbukiza kipande cha jeli yenye boroni na kipande kisicho na boroni. Alizarini ikikutana na boroni inatoka kwenye wekundu inaelekea rangi ya chungwa. Kama vipande vyote viwili vimebaki na rangi ileile basi jeli yako haina boroni ya kutosha, na hapo kuna mawili: monoma ya boroni (ile molekuli ndogo inayounganishwa kujenga mnyororo) haikuingia kwenye mnyororo ikaondoka na maji ya kuoshea, au iliingia lakini imeharibika. Kipande ulichokitia rangi usikirudishe kwenye vipimo.

Kuharibika kwenyewe mara nyingi kunaletwa na haidrojeni peroksaidi, inaikata boroni kabisa inabaki fenoli na asidi ya boriki inaondoka zake. Kuna jamaa alikuwa analinganisha jeli ya boroni na enzaimu ya glukosi oksidesi ndani ya bakuli moja ili eti hali iwe sawa kwa zote mbili. Ile enzaimu kazi yake ni kula glukosi na kutoa peroksaidi! Siku tatu jeli ikawa imekufa, na akaja kulalamika kwamba boroni haina uvumilivu. Tenganisha vyombo.

Simama hapa: kama umegundua boroni imekufa usijaribu kuifufua kwa kuchovya kwenye kemikali uliyosoma mahali. Haifufuki. Tengeneza jeli mpya, na kama hujawahi kushika akrilamaidi isiyoganda, usianze peke yako (nitalirudia hili chini).

Dalili ya 2: Jeli inabadilika hata kabla sijaweka sukari

Hii mara nyingi ni haraka tu. Jeli mpya inahitaji kutulia kwenye bafa, na kutulia sio nusu saa, kwa kipande cha milimita moja acha usiku kucha na ubadilishe bafa mara mbili au tatu ili monoma zilizobaki na chumvi za kuanzishia zitoke. Kama ukubwa bado unasogea kesho yake, nenda kwenye joto.

Joto ni tatizo hasa kama polima yako ni ile ya isopropili akrilamaidi. Yenyewe ikiwa safi inaporomoka karibu na nyuzi 32, na ukiiwekea boroni ambayo haijabeba chaji, hiyo nyuzi inashuka chini zaidi kwa sababu boroni bila chaji haipendi maji. Kwahiyo chumba kikitoka 24 kwenda 29 mchana, jeli inasinyaa na we unadhani ni sukari. Weka chombo kwenye bafu la maji lenye joto la kudumu, au angalau andika joto kila unaposoma namba. Mtu asiyeandika joto asiniulize kitu.

Alafu kuna kuvukiza, chombo kikiwa wazi maji yanapungua, chumvi inakolea, jeli inasinyaa. Na kuna hewa yenyewe: bafa ya pH 9 ikiachwa wazi inanyonya kaboni dioksaidi na pH inateremka polepole, huoni kitu kwa macho ila jeli inaona. Funika. Mfuniko tu unamaliza hizo mbili kwa pamoja.

Dalili ya 3: Inasinyaa badala ya kuvimba

Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, na mi nakiri mara ya kwanza nilifikiri nimepanga vipande kinyume. Kumbe inawezekana kabisa na ni kemia safi.

Sababu ya kawaida: sampuli yako ina chumvi nyingi kuliko bafa uliyotuliza jeli. Chumvi inafunika chaji, chaji zikifunikwa jeli inapoteza sababu ya kuvimba. Ukitoa jeli kwenye bafa ya 10 mM ukaiweka kwenye sampuli yenye chumvi ya 150 mM, itasinyaa hata kama sampuli ina sukari. Dawa yake ni kuituliza jeli kwenye bafa yenye chumvi ileile ya sampuli, na kipande kisicho na boroni kikisinyaa pia unajua moja kwa moja kwamba sukari haihusiki.

Ya pili ndo tamu. Glukosi ina sehemu mbili zinazoweza kushikwa, kwahiyo molekuli moja ya glukosi inaweza kushika boroni mbili za minyororo tofauti kwa wakati mmoja, kama mtu anayeshika mikono ya watu wawili waliokuwa wamekaa mbali. Jeli inavutwa ndani, inasinyaa. Hili linaonekana zaidi kwenye maji yenye chumvi ya kutosha ambapo kule kusukumana kwa chaji kumeshanyamazishwa, na kwenye jeli zenye boroni nyingi zilizokaa karibu. Ukiongeza glukosi zaidi na zaidi kila boroni inapata glukosi yake peke yake, madaraja yanakatika, jeli inaanza kuvimba tena. Maana yake mstari wako wa kalibresheni unashuka alafu unapanda, na namba moja ya ukubwa inaweza kumaanisha ukolezi wa aina mbili tofauti!

Jinsi ya kujua ni hiyo: weka fruktosi. Fruktosi kwa kawaida haijengi hilo daraja kwa nguvu hiyo, kwahiyo kama glukosi inasinyaza na fruktosi inavimbisha kwenye bafa ileile, basi ni madaraja. Sio hitilafu. Unaweza hata kulitumia, mana inakusaidia kuitofautisha glukosi na nyingine, ila ubaki upande mmoja wa bonde na usipime nje ya hapo.

Joto nalo lipo, kama nilivyosema dalili ya 2, limalize kwanza.

Dalili ya 4: Inajibu lakini inachukua milele

Unene. Muda unakwenda na mraba wa unene, kipande cha milimita 1 kinachukua karibu mara 100 ya muda wa kipande cha milimita 0.1. Watu wanatengeneza vipande vinene kwa sababu ni rahisi kuvishika na kibanio, alafu wanasubiri saa sita. Kata nyembamba, au mimina kati ya vioo viwili vyenye kitenganishi chembamba. Kukoroga kidogo kunasaidia lakini hakuokoi jeli nene.

Kama jeli ni nyembamba na bado inatambaa, angalia glukosi yako ina umri gani. Unga wa glukosi kwa kawaida ni umbo la alfa, ukiuyeyusha unaanza kugeuka polepole mpaka ufike mchanganyiko wa karibu asilimia 36 alfa na 64 beta, na kwenye maji matupu ya joto la chumba hiyo inachukua masaa kadhaa. Boroni inachagua maumbo, haishiki yote sawa, kwahiyo glukosi iliyoyeyushwa sasa hivi na iliyolala usiku haziwezi kutoa mwendo uleule. Yeyusha jioni, pima asubuhi, iwe desturi. Ila usilale nayo wiki, tutafika huko.

Dalili ya 5: Namba hazifanani na za jana, au zote zimepungua kwa kiasi kilekile

Kama zimepungua zote kwa karibu asilimia 9, usihangaike, soma lebo ya chupa ya glukosi. Kuna glukosi kavu yenye uzito wa molekuli 180.16 na kuna yenye maji ndani yake, 198.17. Ukipima gramu 1.80 za ile yenye maji ukidhani ni kavu unapata milimole 9.1 badala ya 10. Hili lilinikalia wiki mbili nzima, wiki mbili nikitengeneza jeli mpya kila siku, kumbe mtu alinunua chupa nyingine akaiweka palepale pa zamani na mimi sikusoma. Sina hamu.

Kama zimepishana mara 18, umechanganya miligramu kwa desilita na milimola kwa lita. 100 mg/dL ni kama 5.55 mM. Rahisi hivyo.

Kama zinashuka siku hadi siku, wadudu wanakula sukari yako. Maji yenye glukosi mezani ni karamu ya bakteria na ukungu, ukiyaangalia kwenye mwanga utaona ukungu mwepesi au nyuzi. Tengeneza mapya, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22, weka kwenye friji, andika tarehe. Wengine wanaweka sodiamu azaidi kidogo, inafanya kazi, lakini sikiliza: azaidi ni sumu kali, ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, na ikimwagwa kwenye sinki yenye bomba za shaba au risasi inaweza kujenga chumvi zinazolipuka. Kama huna mtu wa usalama wa maabara wa kukuelekeza pa kuimwaga, usiitumie kabisa, friji na kichujio vinatosha. Ikimwagika au mtu akiivuta usijaribu kuitibu mwenyewe, ondoeni watu, pigeni simu ya dharura.

Kama zinapanda siku hadi siku, hii ni ya kuchekesha kidogo. Glukosi ikikaa kwenye pH ya juu, hasa ikipashwa moto, sehemu yake inageuka kuwa fruktosi na mannosi. Na umeshaona fruktosi inashikwa mara 30 na kitu zaidi. Kiasi kidogo tu cha fruktosi, 0.1 mM, kinatoa jibu linalokaribia la glukosi ya 3 mM na nusu kwenye 7.4. Kwahiyo usipike bafa na glukosi kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) kwa pamoja, na akiba yako ya glukosi iweke kwenye maji matupu, iingie kwenye bafa ya pH 9 siku ya kipimo.

Ya mwisho hapa ni jeli inayotumika mara kwa mara bila kusafishwa. Sukari ya jana bado imo ndani. Iloweke kwenye bafa ya asetati ya pH 4 hivi, kwenye asidi boroni inaachia sukari, alafu irudishe kwenye bafa ya kazi mpaka ukubwa urudi palepale pa mwanzo. Usipoona ukubwa umerudi usipime. Usiende chini sana ya hapo eti ili iachie haraka, hupati faida yoyote na jeli inachoka.

Dalili ya 6: Inajibu kila kitu

Ndio. Hiyo ndo tabia yake. Wanakemia Lorand na Edwards walishapima mambo haya 1959 na mpangilio haujabadilika: fruktosi mbele, galaktosi na mannosi katikati, glukosi nyuma. Sorbitoli iko juu hata ya fruktosi, namba yake ya kushikana ni kama 370 kwenye pH 7.4, na vitu vya jamii ya katekoli vinapita wote. Laktati na sitreti nazo zinashika. Sukrosi karibu haishikwi, haifiki hata 1.

Sasa mtu anasema "jeli yangu inaona sukrosi". Angalia kwanza sukrosi ilikaa kwenye asidi au karibu na enzaimu ya invetesi inayovunja sukrosi, mana ikivunjika inatoa glukosi na fruktosi nusu kwa nusu na hiyo fruktosi ndo jeli inaiona. Tengeneza sukrosi mpya kwenye bafa ya 7.5 au 8, pima papo hapo, jibu likipotea ujue ilikuwa imevunjika.

Kwa sampuli chafu zenye mchanganyiko, kipande kimoja cha jeli hakikwambii ni sukari gani. Kinachofanya kazi ni vipande kadhaa vyenye boroni tofauti kwenye pH tofauti alafu unalinganisha muundo wa majibu, au unaondoa sukari moja kwa enzaimu na kupima tofauti (chombo tofauti lakini, kumbuka peroksaidi). Kama unahitaji namba ya kuaminika ya sukari moja ndani ya mchanganyiko, peleka sampuli kwenye maabara yenye kromatografia. Kuna wakati kulazimisha jeli ni ubishi tu.

Dalili ya 7: Rangi au mng'ao unadanganya

Hii ni kwa wanaotumia alizarini au rangi nyingine ndani ya jeli badala ya kupima ukubwa. Kwa alizarini, ikishikana na boroni inang'aa, sukari ikija inaifukuza na mng'ao unashuka. Kwahiyo mng'ao kupungua ni jibu sahihi, sio hitilafu, usianze kugeuza vichujio vya mashine.

Mng'ao ukishuka hata kwenye bafa tupu, mwanga wako unaunguza rangi. Punguza muda wa kumulika, funga mwanga kati ya vipimo, na uwe na kipande kisichopewa sukari kinachomulikwa sawasawa na vingine ili utoe hiyo tofauti. Mng'ao ukiwa haupandi hata ukiongeza rangi, umeweka rangi nyingi mno inajimeza mwanga wenyewe, punguza mpaka ufyonzaji uwe chini ya 0.1. Na alizarini inabadilika rangi kwa pH hata bila boroni, kwahiyo tunarudi kulekule, pima pH. Kama unatumia taa ya urujuanimno vaa miwani inayozuia mwanga huo, na taa ikianza kutoa harufu ya kuungua au kumemeka izime umwite fundi wa vifaa, usifungue mwenyewe, ndani kuna umeme wa kuua.

Dalili ya 8: Jeli yenyewe haigandi, au imetoka nyeupe

Haigandi: oksijeni. Inakula viini vinavyoanzisha mnyororo. Pitisha naitrojeni kwenye mchanganyiko dakika 15 au 20, funga juu, alafu ndo weka vianzishi, yaani amoniamu pasalfeti na TEMED. Bado haigandi, pasalfeti yako imezeeka, yeyusha mpya siku hiyohiyo. Bado, kiunganishi (kile kinachofunga minyororo pamoja) ni kidogo mno.

Imetoka na chembe nyeupe: monoma ya boroni haikuyeyuka. Haipendi maji ya pH ya kawaida, iyeyushe kwanza kwenye kiyeyushi cha DMSO kidogo au pandisha pH, mchanganyiko uwe kama maji safi ya kunywa kabla hujaongeza kianzishi. Kama imekuwa nyeupe yote kama maziwa na ni polima ya isopropili, ilipata joto wakati inaganda mana ile kazi inatoa joto lake yenyewe. Gandisha kwenye maji ya barafu.

Onyo ambalo sitanii: akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu na inapita kwenye ngozi. Glavu, koti, chumba cha kuvutia hewa, na mabaki yasiyoganda hayaendi sinki. Ikikumwagikia osha kwa maji mengi muda mrefu, vua nguo iliyolowa, nenda hospitali ukiwa na lebo ya chupa mkononi. Ganzi au kuchomachoma vidoleni baada ya siku za kufanya kazi hii sio uchovu, acha kazi ukamuone daktari.

Dalili ya 9: "Imefanya kazi kwenye bafa, sasa nataka kujipimia sukari ya mwili"

Hii sio hitilafu ya jeli, ila inaulizwa sana kwahiyo naiweka. Jibu ni usifanye. Ndani ya mwili kuna protini zinazoganda juu ya jeli, kuna laktati inayopanda ukikimbia, na seli za kinga zinatoa peroksaidi ileile iliyoua jeli ya yule jamaa. Kuna kihisio cha kupandikizwa chini ya ngozi kinachotumia polima ya boroni yenye mng'ao, Eversense, kiliidhinishwa Marekani 2018, na hata chenyewe kimewekewa dawa ya kutuliza uvimbe pembeni yake ili tishu zisikishambulie. Hiyo ni kazi ya miaka na majaribio ya hospitali. Kipande ulichogandisha kati ya vioo viwili hakipimi sukari ya mwili wa mtu. Kama una kisukari au unahisi dalili zake nenda kapimwe kwa kifaa kilichoidhinishwa, na mkojo au damu ya mtu isiingie kwenye benchi lako kama huna mafunzo ya kushika sampuli za binadamu.

Ukikwama baada ya haya yote, unapoomba msaada andika pH uliyoipima baada ya sukari kuingia, chumvi, joto, unene wa jeli, umri wa glukosi, na fruktosi ilifanya nini. "Jeli haifanyi kazi" peke yake haimsaidii mtu kukusaidia.